Mihimili miwili ya wima katika grafu moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila msimu wa tasnifu na kila mwisho wa robo mwaka, ripoti zinapodaiwa. Mfano utakaotumika karibu kote ni mmoja: mvua na joto la Dar es Salaam mwezi kwa mwezi. Anayetaka hatua za programu yake tu aruke moja kwa moja hadi swali la 4.

## Mambo ya msingi

1. Mhimili wa pili wa wima ni nini hasa?

Ni ngazi ya pili ya namba, kwa kawaida upande wa kulia wa grafu, ambayo baadhi ya data tu ndiyo inayosomwa kwayo. Mhimili mlalo unabaki mmoja, uwe wa miezi, tarehe au kilomita. Kilichobadilika ni kwamba sasa urefu ule ule kwenye karatasi una maana mbili: ukisoma kushoto ni milimita, ukisoma kulia ni nyuzi joto.

Faida yake inaonekana ukichukua Dar es Salaam. Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, mvua hukaribia milimita 250. Julai na Agosti hushuka chini ya 40. Joto la wastani nalo hucheza kati ya nyuzi 24 na 28 hivi mwaka mzima. Ukiviweka vyote kwenye ngazi moja ya 0 hadi 300, joto linakuwa uzi ulionyooka chini kabisa, kana kwamba Januari na Julai ni mamoja. Aliyelala Dar mwezi wa Januari umeme umekatika na feni imesimama anajua si mamoja.

2. Niutumie lini, na niache lini?

Utumie vitu viwili vinapokuwa na vipimo tofauti kabisa (milimita na nyuzi, shilingi na asilimia) na msomaji akawa na sababu ya kuvitazama katika wakati mmoja. Kama vipimo ni vya aina moja, mathalani shilingi kwa shilingi, mhimili wa pili karibu kila mara utampotosha msomaji. Tazama swali la 15. Na kama huwezi kueleza kwa sentensi moja kwa nini vitu hivyo viwili vikae pamoja, chora grafu mbili.

3. Kipi kiende kushoto na kipi kulia?

Hakuna sheria. Mazoea ni kuweka kushoto jambo kuu la grafu, kwa kuwa jicho huanzia huko. Ipo pia sababu ya kiufundi: Excel huchora data ya mhimili wa pili juu ya ile ya mhimili wa kwanza. Ukiweka nguzo kwenye mhimili wa pili na mstari kwenye wa kwanza, nguzo zitaufunika mstari. Kwa hiyo nguzo kushoto, mstari kulia, na utalala usingizi.

## Namna ya kuutengeneza

4. Kwenye Excel nafanyaje?

Kuanzia toleo la 2013, njia fupi ni hii: chagua jedwali lako lote pamoja na vichwa vya safu, nenda "Insert", kisha "Recommended Charts", kisha "All Charts", halafu "Combo". Chini utaona kila mfululizo wa data kwenye mstari wake. Mvua iwe "Clustered Column", joto liwe "Line", na uweke alama ya vema kwenye kisanduku cha "Secondary Axis" mbele ya joto.

Kama grafu umeshaichora, bofya mstari wa joto kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Format Data Series", kisha "Secondary Axis".

Usiishie hapo. Bofya mara mbili kila mhimili uweke mwenyewe namba ya chini na ya juu. Excel ikiachiwa yenyewe huzikokotoa upya kila data inapobadilika, na grafu ya mwezi huu haitalingana tena na ya mwezi uliopita, ingawa kwa macho zitafanana kama mapacha. Kisha ongeza majina ya mihimili yote miwili pamoja na vipimo vyake. Grafu yenye ngazi mbili zisizo na majina ni fumbo.

5. Sina Excel. LibreOffice na Google Sheets je?

Kwenye LibreOffice Calc chagua aina ya grafu iitwayo "Column and Line". Kisha bofya grafu mara mbili ili uingie ndani yake, bofya mstari kwa kitufe cha kulia, "Format Data Series", na kwenye kichupo cha "Options" chagua "Secondary Y axis".

Kwenye Google Sheets weka aina ya grafu kuwa "Combo chart", nenda "Customize", fungua "Series", chagua mfululizo unaoutaka, na penye "Axis" weka "Right axis". Hapo hapo watu wengi husahau hatua ya kuchagua mfululizo kwanza, wakabadilisha vyote kwa pamoja, kisha wakashangaa ngazi ya kushoto imepotelea wapi.

6. Kwa Python?

Kwenye Matplotlib neno la kukumbuka ni `twinx`, yaani mapacha wanaogawana mhimili mlalo:

```
fig, ax1 = plt.subplots()
ax1.bar(miezi, mvua, color="steelblue")
ax1.set_ylabel("Mvua (mm)")
ax1.set_ylim(0, 300)

ax2 = ax1.twinx()
ax2.plot(miezi, joto, color="firebrick", marker="o")
ax2.set_ylabel("Joto la wastani (°C)")
ax2.set_ylim(20, 32)

fig.tight_layout()
```

Mstari wa mwisho si pambo. Bila huo, jina la mhimili wa kulia mara nyingi hukatwa ukingoni mwa picha.

7. Kwa R na ggplot2 mbona ni kazi ngumu hivi?

Kwa sababu mwandishi wake mkuu, Hadley Wickham, hakuupenda mhimili wa pili na alilisema hilo hadharani. Ulikuja mwaka 2016 katika toleo la 2.2.0, na ulikuja na sharti: mhimili wa kulia lazima uwe mgeuzo wa ule wa kushoto kwa kanuni unayoiandika mwenyewe. Programu haikupi ngazi mbili zisizojuana.

Ndiyo maana kazi ni ya pande mbili. Kwanza unalisogeza joto ili likae kwenye ngazi ya mvua, halafu unaiambia programu irudi vipi. Tukitaka nyuzi 20 hadi 32 zikae sambamba na milimita 0 hadi 300, tofauti ya nyuzi 12 inabeba milimita 300, yaani kila nyuzi ni milimita 25:

```
ggplot(dar, aes(x = mwezi)) +
  geom_col(aes(y = mvua)) +
  geom_line(aes(y = (joto - 20) * 25, group = 1)) +
  scale_y_continuous(
    name = "Mvua (mm)", limits = c(0, 300),
    sec.axis = sec_axis(~ . / 25 + 20, name = "Joto (°C)"))
```

Kosa linaloniletea ujumbe mwingi ni kubadilisha upande mmoja na kuusahau mwingine. Grafu itachorwa bila malalamiko yoyote, ila namba za kulia zitakuwa za uongo. Jipime kwa mwezi mmoja: chukua joto la Aprili kwenye jedwali, litazame kwenye grafu, ulinganishe.

Jambo jingine dogo: R hupanga maneno kwa alfabeti. Usipoifanya safu ya `mwezi` kuwa `factor` yenye mpangilio wako, mwaka utaanza Agosti, ufuatwe na Aprili, kisha Desemba.

8. Na gnuplot, Stata, MATLAB, Tableau?

Kwa gnuplot:

```
set ytics nomirror
set y2tics
set yrange [0:300]
set y2range [20:32]
plot "dar.dat" using 1:2 axes x1y1 with boxes, \
     "dar.dat" using 1:3 axes x1y2 with linespoints
```

`nomirror` inazuia alama za kushoto zisijirudie upande wa kulia. Ukiisahau, kulia kutakuwa na alama za ngazi mbili zilizochanganyika. Stata hutumia `yaxis(2)` ndani ya `twoway`. MATLAB ina `yyaxis left` na `yyaxis right` tangu R2016a; kabla yake ilikuwa `plotyy`, kwa hiyo ukikuta maelezo yenye neno hilo ujue ni ya zamani. Tableau huita jambo hili "Dual Axis".

## Mambo yanapokwama

9. Mstari wangu ni mdogo mno, siwezi hata kuubofya.

Hili ni la Excel na linawapata wote: thamani ni ndogo, mstari umelala juu ya mhimili mlalo, kila ukibofya unashika kitu kingine. Bofya grafu popote, nenda kichupo cha "Format", na upande wa kushoto kabisa kuna orodha ya vipande vyote vya grafu. Chagua mfululizo wako humo, kisha bonyeza "Format Selection" chini yake. Au pita njia ya "Change Chart Type" na "Combo", ambako huhitaji kubofya mstari kabisa.

10. Nimeweka nguzo pande zote mbili, zimefunikana.

Hiyo ndiyo tabia yake: Excel inazipanga nguzo za kila mhimili bila kujua habari za mwenzake, zote zinasimama pale pale. LibreOffice ina kisanduku cha "Show bars side by side" kinachozisogeza. Kwenye Excel watu huongeza mifululizo mitupu ili kusukuma nguzo pembeni, na inafanya kazi, lakini nisingependekeza. Nguzo mbili zilizosimama bega kwa bega zinamwambia msomaji "tulinganishe urefu", wakati urefu wao haulinganishiki. Geuza moja iwe mstari.

11. Mistari ya gridi hailingani na namba za kulia.

Gridi hufuata mhimili mmoja, kwa kawaida wa kushoto. Dawa ni kuzipa ngazi zote mbili idadi sawa ya vidato. Mvua ya 0 hadi 300 kwa hatua ya 50 ina vidato sita. Joto la 20 hadi 32 kwa hatua ya 2 lina vidato sita pia. Kila mstari wa gridi sasa unagusa namba kamili pande zote. Usiwashe gridi mbili kwa pamoja, utapata wavu wa dagaa.

12. Sifuri ya kushoto na ya kulia haziko kimo kimoja.

Kama hakuna thamani hasi na mhimili mmoja ni wa mstari tu, si lazima zilingane. Joto letu linaanzia 20 na hakuna ubaya. Nguzo ndizo lazima zianzie sifuri, kwa kuwa nguzo husomwa kwa urefu wake wote.

Tatizo huja kunapokuwa na hasara. Tuseme faida inakwenda kutoka −20 hadi 80, na kulia una kitu cha 0 hadi 20. Gawanya namba ya chini kwa ya juu: −20 kwa 80 ni −0.25. Mhimili wa kulia upewe uwiano huo huo, yaani −5 hadi 20, na sifuri zitakaa sambamba. Utapoteza nafasi kidogo chini upande wa kulia. Heri hivyo kuliko msomaji kuiona hasara kuwa faida.

13. Python inanipa ufunguo wa mstari mmoja tu, na rangi zote ni bluu.

Pacha wa `twinx` ana ufunguo wake (kisanduku kinachosema kila rangi ni ya nini) na anaanza upya orodha ya rangi, hivyo wote wawili huchukua bluu ya kwanza. Taja rangi mwenyewe kama kwenye swali la 6, kisha kusanya funguo pamoja:

```
h1, l1 = ax1.get_legend_handles_labels()
h2, l2 = ax2.get_legend_handles_labels()
ax1.legend(h1 + h2, l1 + l2)
```

Hakikisha umetia `label=` kwenye `bar` na `plot`, la sivyo hakuna cha kukusanya. Mimi mara nyingi huuacha ufunguo kabisa: jina la mhimili likiwa na rangi ya mstari wake, msomaji haulizi.

## Skeli na uaminifu

14. Mistari yangu inakatana mwezi wa Mei. Niandike nini kuhusu hilo?

Usiandike kitu. Mahali mistari inapokatana ni matokeo ya skeli ulizochagua. Shusha mwanzo wa mhimili wa kulia kutoka 20 hadi 10 na makutano yatahamia mwezi mwingine, au yatapotea kabisa, na hakuna tone la mvua lililobadilika. Hata hivyo nimesoma tasnifu yenye aya nzima ya "kipindi ambacho joto lilizidi mvua". Nyuzi haziwezi kuzidi milimita.

Hali ni hiyo hiyo kwa mistari inayopanda pamoja. Tuseme duka lilikuwa na wateja 400 kwa mwezi wakafika 440, na mauzo yakatoka milioni 2 hadi milioni 3. Weka kushoto 400 hadi 440, kulia milioni 2 hadi 3: mistari miwili inalaliana, na mwenye duka anaamini wateja wapya ndio walioleta fedha. Ukweli ni kwamba wateja waliongezeka kwa asilimia 10, mauzo kwa asilimia 50. Kuna jambo jingine lililotokea, labda bei, labda kila mteja ananunua zaidi, na grafu imelificha.

15. Basi nitumie nini badala yake?

Inategemea swali lako. Ukitaka kujua kipi kimekua zaidi, geuza vyote kuwa fahirisi: gawanya kila thamani kwa thamani ya kwanza ya mfululizo wake, zidisha kwa 100. Duka la swali la 14 litaonyesha wateja 110 na mauzo 150, kwenye mhimili mmoja, bila ujanja.

Ukitaka kujua kama vitu viwili vinahusiana, chora grafu ya nukta, kimoja kwenye mhimili mlalo na kingine kwenye wima. Hiyo ndiyo inayoonyesha uhusiano. Mistari miwili inayocheza pamoja inaudokeza tu.

Ukitaka kuonyesha mwenendo wa wakati mmoja, weka grafu mbili, moja juu ya nyingine, zenye mhimili mlalo unaolingana. Wasimamizi wengi wanaoukataa mhimili wa pili hukubali hii bila neno.

Na kama kipimo ni kimoja ila ukubwa umepishana sana, kwa mfano mapato ya kampuni kubwa na ya kibanda, tumia skeli ya logi kwenye mhimili mmoja. Humo ongezeko la asilimia sawa lina mwinuko sawa, liwe la mamilioni au la maelfu. Eleza kwa sentensi moja chini ya grafu kwamba skeli ni ya logi, maana si kila msomaji atagundua.

16. Kuna skeli mbili zenye sababu, ambazo si za kubuni?

Zipo, na mfano mzuri ni wa mvua na joto lenyewe. Katika michoro ya tabianchi ya Heinrich Walter na Helmut Lieth, nyuzi 10 hukaa kimo kimoja na milimita 20 za mvua. Uwiano huo umewekwa kwa makusudi: mvua ikishuka chini ya mstari wa joto, mwezi huhesabiwa kuwa wa ukame. Julai ya Dar, yenye nyuzi 24 hivi, ingehitaji milimita 48; haizipati, kwa hiyo ni mwezi mkavu. Hapa makutano ya mistari yana maana, kwa kuwa skeli iliwekwa kabla data haijachorwa na ni ile ile kwa kila mji, uwe Dodoma au Berlin. Mvua inayovuka milimita 100 hubanwa kwa skeli ya moja ya kumi, vinginevyo masika yetu yangetoboa karatasi.

Kumbuka tu kwamba grafu ya swali la 6 si mchoro wa aina hiyo. Skeli zake nilizichagua ili zisomeke vizuri, basi.

## Hali zisizo za kawaida

17. Nataka Celsius kushoto na Fahrenheit kulia kwa mstari ule ule.

Hii ndiyo matumizi salama kuliko yote, kwa kuwa data ni moja. Mhimili wa 0 hadi 40 kushoto unadai 32 hadi 104 kulia. Ukikosea namba moja, mstari unadanganya. Matplotlib ina `secondary_yaxis` kwa kazi hii, na `sec_axis` ya R ilitungwa kwa ajili ya mambo kama haya. Usitumie `twinx`, itakubidi ulinganishe kwa mkono.

18. Grafu ya Pareto: asilimia haziendani na nguzo.

Grafu ya Pareto hupanga nguzo kuanzia ndefu hadi fupi, na mstari wa juu yake hujumlisha asilimia nguzo kwa nguzo. Mhimili wa kushoto lazima uishie kwenye jumla, si kwenye nguzo ndefu kuliko zote. Malalamiko 80 yaliyogawanyika 40, 20, 12 na 8 yanataka kushoto 0 hadi 80 na kulia 0 hadi 100. Hapo kichwa cha nguzo ya kwanza na nukta ya asilimia 50 vinakutana. Excel ya 2016 na kuendelea ina aina hii tayari.

19. Nimeona grafu za mito ambazo mvua inaning'inia kutoka juu. Ni kosa?

Si kosa, ni desturi ya wahandisi wa maji. Mhimili wa mvua umegeuzwa kichwa chini ili nguzo zishuke kutoka juu kama mvua yenyewe, na mtiririko wa mto ubaki chini bila kufunikwa. Kwenye Excel ni kisanduku cha "Values in reverse order". Kwenye Matplotlib ni `ax2.invert_yaxis()`. Upe kila mhimili nafasi ya ziada, mara mbili ya thamani ya juu kabisa hivi, ili visigongane katikati.

20. Naweza kuongeza mhimili wa tatu?

Excel haikubali zaidi ya miwili. Matplotlib inakubali, ukiusogeza nje kwa `ax3.spines["right"].set_position(("axes", 1.15))`. Sijawahi kuona yenye mitatu ambayo nilielewa bila kuelezwa na aliyeichora.

21. Ripoti itatolewa fotokopi nyeusi na nyeupe.

Basi rangi zimekufa, na ushauri wa mwisho wa swali la 13 haufai. Mstari uwe na alama kwenye kila nukta, nguzo ziwe za kijivu hafifu, na uandike neno "Joto" pembeni mwa mstari wenyewe na mshale mdogo unaoelekea kulia. Piga kopi moja ya majaribio kabla ya kutoa nakala hamsini.